Mchagua Vipira vya Masikio Hakuwa Mkaidi

Habari za kifo chake zilinifikia kwenye kundi la simu la bendi yetu, kati ya ujumbe wa mtu aliyeuliza rangi ya sare za Jumapili na wa mwingine aliyejibu kwamba ni zambarau. "Fundi wa vipira ametuacha jana asubuhi. Poleni." Watu watatu wakaweka viganja vya kuomba, kisha mjadala wa zambarau ukaendelea. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba mimi hupiga kinanda kanisani na kwenye harusi, kwamba nilijifunza mwenyewe bila mwalimu, na kwamba huwa naandika sentensi moja mara tisa kabla ya kuiachilia. Hii ya leo nimeiandika nikiwa na hasira na sitaigusa tena. Kama ina makosa, yabaki.

Tulimuaga kanisani, mtaani kwetu Komarock, kabla mwili haujasafirishwa kwao magharibi. Mhubiri alisimama na kipaza sauti kilichokuwa kikipiga kelele kila alipokikaribia, akasema marehemu alikuwa mtu mwema lakini mgumu. Alipewa siku ya kliniki ya presha, akaenda, akarudi bila dawa. Akapewa siku nyingine, akarudi vilevile. "Wapendwa, tuambiane ukweli hapa mbele ya jeneza. Sikio la kufa..." na kanisa zima likamalizia kwa sauti moja, "...halisikii dawa!" Mimi nilikuwa kwenye kinanda. Nilijua jambo ambalo mhubiri hakulijua, na badala ya kusimama niseme, vidole vyangu vikamsindikiza kwa sauti laini, kama nilivyozoea kufanya kila mhubiri anapofika mahali panapowagusa watu. Nimepiga noti nyingi mbovu maishani, lakini hizo ndizo ninazozionea aibu.

Kazi yake ilikuwa kuchagua vipira. Naeleza kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kupanda jukwaani. Siku hizi wanamuziki wengi hawategemei tena zile spika kubwa za sakafuni ili wajisikie wanapopiga. Hutia masikioni visikilizi, yaani vispika vidogo ambavyo waya wake hupita nyuma ya sikio, na humo ndimo wanamomsikia mpiga ngoma, waimbaji na wao wenyewe. Mbele ya kila kisikilizi kuna kipira kama punje ya hindi, ambacho huziba tundu la sikio. Kisipoziba sawasawa besi hutoroka, kelele za nje huingia, nawe unaongeza sauti, unaongeza tena, mpaka unajiumiza huku ukidhani unajisikiliza. Watu wa mitaa yetu ya Eastlands hujinyima wakanunua visikilizi vya bei kali, kisha huvaa vipira vilivyokuja sandukuni, kama mtu aliyenunua viatu bila kuulizwa nambari ya mguu wake. Huyu marehemu alikuwa amepanga nusu ya kaunta kwa fundi wa simu pale Komarock, na juu yake kulikuwa na trei ya mayai. Kila shimo lilikuwa na aina yake: vya mpira laini, vya sponji, vyenye kingo mbili kama uyoga uliopandana, vyembamba vya watoto wa kwaya. Hakuna chuo kilichomfundisha, na labda ndiyo sababu nilimpenda mapema, maana hata mimi sina cheti cha kuonyesha.

Nilimwendea mara ya kwanza nikilalamika kwamba kila nikiimba, besi inapotea upande mmoja.

"Umevaa saizi gani?" aliniuliza, macho yake yakinitazama mdomoni.

"Ya kati."

"Kushoto au kulia?"

"Pande zote. Si ni pea?"

Alicheka mpaka fundi wa simu akainua kichwa. "Pea ni ya viatu, binti. Nani alikudanganya kwamba masikio yako ni mapacha?"

"Mwonee huruma, mzee," fundi wa simu akadakia. "Huyu anaonekana hata soksi hupiga pasi."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli, soksi hupiga pasi. Nilitarajia kwamba atanipa wimbo nisikilize, lakini alinipa nusu mandazi. "Tafuna. Sasa piga mwayo. Sasa imba, fungua mdomo kama uko mbele ya Bwana." Kila nilipofungua mdomo aliweka ncha ya kidole karibu na sikio langu, akahisi jinsi nyama ya pale inavyosogea taya linaposhuka. Alinieleza kwamba watu wengi huvijaribu vipira wakiwa wamefunga mdomo, kimya, mbele ya kioo, halafu wakifika jukwaani wanaimba, na tundu linabadilika umbo, na wanashangaa kwa nini sauti inavuja. Akabadilisha kipira, akabadilisha tena. "Funga midomo uvume kama nyuki. Sauti yako iko wapi?"

"Katikati ya kichwa."

"Basi imeziba."

Nilipojitazama kwenye kioo cha simu, kushoto nilikuwa na kipira kikubwa chekundu, na kulia kidogo cha kijivu. "Lakini rangi hazifanani, na nina harusi ya kupigia," nilisema.

"Siku hiyo wewe utapiga kinanda au utaolewa?"

Nilicheka nikaondoka. Kisha nikafanya kosa ambalo mtu kama mimi pekee angelifanya. Harusi hiyo ilikuwa na kamera mbili, nikawaza jinsi masikio yangu yatakavyoonekana kwenye video, moja jekundu na jingine la kijivu, nikashindwa kulala. Asubuhi nikarudisha vile vya kati vya kijivu pande zote, vikafanana vizuri. Kushoto kukavuja tangu wimbo wa kwanza, nikaongeza sauti, nikaongeza mchana kutwa. Nilitoka pale na mluzi mwembamba katika sikio la kushoto, na mluzi huo haujaondoka hadi leo ninapoandika. Hakuna mtu aliyetazama masikio yangu kwenye ile video. Nimeiangalia yote, kamera ilinipita mara moja tu, nikiwa nimeinama.

Nilikaa mwezi mzima nikimficha, halafu nikaenda kumwambia. Nilidhani atanigombeza. Alifunika trei yake, akasema polepole, "Basi sasa tuko wawili." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa akitazama midomo ya watu badala ya macho yao. Mtu ambaye wanamuziki wa mitaa yetu walimkabidhi masikio yao alikuwa hasikii, isipokuwa sauti nzito na za karibu sana. Alichagua vipira kwa kidole, kwa kutazama taya na kwa kusoma uso wa mteja, na alichagua vizuri kuliko wenye masikio mazima kwa sababu alijua thamani ya alichokipoteza.

Alikipotezea kiwandani, Industrial Area, ambako alikuwa akienda kwa miguu kila alfajiri kutoka Mukuru kwa Njenga, na kusimama kando ya mashine inayogonga bati kuwa sufuria. Wafanyakazi waligawiwa sponji za kuziba masikio, saizi moja kwa wote. Zake zilikuwa zikidondoka. Alipomwambia msimamizi, alijibiwa, "Sikio ni sikio. Unataka ushonewe yako?" Basi akaanza kuzikata mwenyewe kwa wembe, zake na za wenzake, akagundua kwamba hakuna watu wawili wenye tundu moja, na hata mtu mmoja hana matundu mawili yanayofanana. Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi, ila alijifunza akiwa amechelewa. Siku moja mtu alimpigia kelele ahame njiani na hakuhama, wakamwachisha kazi kwa madai kwamba ni hatari kwa wenzake. Tazameni mantiki hiyo. Walimfanya asisikie, kisha wakamfukuza kwa kosa la kutosikia, na mashine ikaendelea kugonga juu ya masikio ya mwingine.

"Usimwambie mtu," aliniomba. "Nani ataleta masikio yake kwa kiziwi?" Nikakubali, na nikawa hodari katika kuficha. Mteja akija na kunong'ona, mimi nilirudia maneno yake nikiwa nimemwelekea fundi, kana kwamba nahakikisha tu. Tulikuwa tunacheka baadaye. Sasa sicheki. Anayevaa miwani huiweka katikati ya uso na tunamwita msomi, lakini asiyesikia tunamkejeli, tunamrudishia neno kwa ukali kana kwamba ametukosea, na tukigombana na mtu mwenye masikio mazima tusi letu la kwanza ni kumuuliza kama ni kiziwi. Katika jamii kama hiyo mtu hujifunza kutikisa kichwa na kutabasamu bila kujua amekubali nini. Nilidhani namhifadhia heshima yake, kumbe nilikuwa nasaidia ukuta kusimama.

Siku za kliniki nilizoea kwenda naye. Nilikaa kando yake kwenye benchi, jina lake likiitwa nasimama, naye anasimama. Hatukuwahi kusema kwamba ndiyo sababu ya mimi kuwa pale. Kisha ikaja Alhamisi aliyoniandikia, "Leo kliniki. Una nafasi?" nami nikamjibu, "Nina mazoezi, fundi. Nenda mapema, utawahi." Akajibu, "Sawa binti." Alhamisi iliyofuata ikawa hivyohivyo. Mnataka kujua mazoezi yalikuwa ya nini? Kulikuwa na kipande kifupi cha wimbo wa kuingilia ambacho kila mtu alisema kiko sawa, na mimi peke yangu niliona hakiko sawa, nikakirudia asubuhi mbili nzima. Jumanne baada ya hiyo Alhamisi ya pili, alianguka akifunga viatu, na hakuinuka tena.

Wiki moja baada ya mazishi, mkewe aliniomba nimsindikize hadi kituo cha afya chenye kliniki hiyo. Neno la mhubiri lilikuwa limemkaa kooni. "Nataka nijue kama kweli alikataa dawa," aliniambia. "Nimeishi na huyo mtu miaka yote hiyo, ukaidi sikuuona." Karani wa dirishani hakuwa mtu mbaya. Alitafuta kitabu, akashuka na kidole, akageuza kitabu tuone. Alhamisi ya kwanza, mbele ya jina la marehemu: Hakuwepo. Ya pili: Hakuwepo.

"Alikuwepo," mkewe akasema. "Nilimfungia chapati. Alirudi jioni karatasi ikiwa tupu."

"Mama, mimi huita. Naita na kurudia, asiyeitika naandika hivyo. Zogo la hapa si unalisikia mwenyewe?"

"Alikuwa hasikii," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyatamka maneno hayo mbele ya mtu.

"Mbona hakusema? Angesema tungejua."

Nilitaka kumfokea. Nilitaka kumuuliza mtu anasemaje jambo ambalo limeshamfukuzisha kazi mara moja. Lakini wa kufokewa kwanza nilikuwa mimi, niliyemwacha aende peke yake, kwa hiyo nikarudisha macho kwenye kitabu. Mkewe alikuwa bado ameweka kidole juu ya lile neno. Mumewe alikaa siku nzima kwenye benchi lenye watu, mara mbili, na kitabu kikasema hakuwepo. Na kanisa likasema sikio lake ndilo lililokataa.

Tukiwa bado pale, karani aliita jina la mwanamke. Akaliita tena. Akasubiri kidogo, akachukua kalamu na kuisukuma faili chini ya nyingine. "Ngoja," nikamwambia, "tafadhali usiandike." Nikalifuata benchi, mtu baada ya mtu, nikiuliza kila mmoja jina lake, mimi ambaye huona haya hata kuomba chumvi hotelini. Mwishoni kabisa nikamkuta nyanya aliyejifunga kitambaa kichwani, anatazama sakafu. Nikamgusa bega, nikainama ili aone midomo yangu, nikalitamka jina.

"Ndiyo mimi. Wameniita?"

"Mara mbili, nyanya."

Aligeuka akatazama benchi lote, yule wa karibu naye kwanza, kisha wengine hadi mwisho. "Na hawa wote wamesikia?" akauliza kwa sauti kubwa. "Wamesikia naitwa, wameona sisimami, wamekaa tu?"

Msomaji, wewe na mimi tumekaa kwenye benchi hilo. Marehemu alitufundisha kwamba masikio hayafanani, na kwamba anayedai yanafanana ndiye anayeyaharibu. Kwa hiyo ukiona mtu ameitwa na hakuitika, usianze na methali. Inuka ukamguse bega.