Makofi kwa Swali

Jumamosi nilialikwa Kamembe, nikiwa mwalimu mstaafu, kwenye mafunzo ya walimu kuhusu historia ya Amerika. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Nzahaha alisimama akauliza: «Bale Baamerika baliandika kwamba bantu bote ni sawa. Mbona balibaki na batumwa? Batoto baliniuliza, nikakosa jibu.»

Mkufunzi alitabasamu. «Swali zuri. Tumpigie Maman makofi.»

Tukapiga. Mama yule hakuketi. «Makofi nimepata, Papa. Na jibu?»

«Jibu litatoka kwenu wenyewe. Ndiyo mbinu mpya.»

«Basi Jumatatu nibaambie batoto nini? Kwamba mbinu ni mpya?»

Mkufunzi akatangaza chakula. Mapadri walionifundisha walikuwa na fimbo, na sitamani irudi. Ila waliingia darasani wakiwa wamelisoma somo.