Damu ya Mtu Asiyemjua

Juzi nilimsindikiza jirani katika hospitali moja ya hapa kisiwani. Tukiwa tumeketi, muuguzi alitoka kwa haraka akauliza, "Jamaa za yule mzazi wa Majengo ni kina nani? Damu yamvuja sana na tuliyo nayo haitoshi. Mumewe keshatoa."

Kaka zake watatu, wanaume wa miraba minne, walitazamana. Wa kwanza alisema ana presha. Wa pili alikuwa hajala tangu asubuhi. Wa tatu aliinamia viatu vyake.

"Wanangu, si dada yenu huyu?" mama yao alilia. Hakuna aliyeinuka.

Karibu nao alisimama mwanafunzi wa udaktari, binti mwembamba, amekumbatia mafaili. Aliyaweka juu ya benchi, akaanza kukunja mkono wa koti lake jeupe.

"Damu yangu yamfaa yeyote," alimwambia muuguzi. "Twende."

Yule mwenye presha akamuuliza, "Kwani wamjua, mwanangu?"

"Simjui, ami. Nikingoja nimjue, atakufa."

Akaenda. Kaka wote watatu wakamfuata maabara, wa presha akiwa mbele. Kufikia adhuhuri tuliambiwa mzazi na mtoto wake ni wazima.

Watu husema madaktari wa leo huwaza kliniki zao tu. Wako wa hivyo, sikatai. Lakini muda wote huo mie, mzima wa afya, nilikuwa nikisoma bango la ukimwi ukutani kwa makini ya ajabu. Niliposoma mara ya tatu niliona haya, nikawafuata. Mkono wangu wa kushoto bado una plasta.