Gia za Mzee

Juzi nilipanda teksi ya haibridi, ile ya petroli na betri, kutoka Bumala kwenda Busia. Kiti cha mbele cha abiria alikaa mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori. Mlimani, dada aliyekuwa akiendesha alikanyaga mafuta, injini ikalia kwa sauti ile ile moja.

"Badilisha gia, unaua injini!"

"Mzee, hii haina gia za kubadilisha."

Mguu wa kushoto wa mzee ukaanza kukanyaga zulia, mkono ukivuta gia isiyokuwepo. Kwenye mteremko dada aliachia mafuta, injini ikanyamaza. Mzee akashika mlango.

"Sasa umezima!"

"Iko kwa betri, mzee."

Busia mzee alishuka akinyoosha mgongo, nami nikampa pole ya safari.

"Nimechoka," akaniambia. "Gia zote kutoka Bumala nimebadilisha mimi."