Bosi Ashuka Mgongoni

Fundi alishona nguo za watu huku binti yake yuko mgongoni, amefungwa mbeleko barabara. Wateja walimpachika mtoto jina la Bosi, kwa kuwa miguu yake haikugusa ardhi na kila alichotaka alinyoosha kidole tu. Fundi alicheka nao. Lakini Bosi alikuwa keshatimiza miaka mitatu, na utani wa aina hiyo huchacha.

Wala halikuwa deko. Kabla ya Bosi alikuwepo kaka yake, mtoto asiyetulia, kutwa mbio uani. Siku moja alikimbia, akakohoa, akalala, na hakuamka tena kucheza. Watu walisema nimonia. Fundi alijiambia kuwa mbio ndizo zilizomuua, na wazo hilo likamganda kama kupe. Bosi alipozaliwa na kikohozi kile kile, na jasho la chumvi hata ukimbusu unaramba midomo, mama yake aliapa kwamba huyu hatakimbia.

Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina refu, sistiki faibrosisi. Ni wa kurithi, alieleza. Makohozi huwa mazito kama gundi, na chakula hupita bila kujenga mwili. Basi asubuhi na jioni Fundi alimlaza Bosi mapajani, akampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, makohozi yalegee. Wapangaji wenzake walisikia vile vishindo wakanong'ona kwamba anamchapa mtoto mgonjwa. Midomo mali yao, aliwaacha waseme.

Kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamama asiyemung'unya maneno, alimsimamisha Bosi kwenye mkeka. Magoti yakakunjika.

"Mama Bosi, lishe imeidhoofisha miguu hii, sikatai. Lakini zaidi imenyimwa kazi."

"Akikimbia atakufa kama kaka yake."

"Kaka yake hakuuawa na mbio, dada yangu. Makohozi yale yale. Kucheza kunasaidia kuyatoa."

Fundi alitamani kumzaba kibao. Aliondoka bila kuaga. Alipofika kibandani pake alifungua mbeleko, akamweka Bosi sakafuni, kisha akaikalia mikono yake mwenyewe isije ikamnyanyua. Bosi alilia mpaka sauti ikamkauka.

Kuanzia hapo akawa anamtega kwa vipande vya vitambaa vinavyong'aa: leo juu ya kigoda, kesho kwenye benchi, baadaye ukingoni mwa meza ya cherehani. Bosi alijivuta, akashikilia, akaanguka, akatukana kwa lugha aliyoijua mwenyewe. Mvua zilipoanza alikuwa anatembea. Zilipokatika alikuwa anakimbia, futikamba ya kupimia nguo ikiburuzika nyuma yake, akiwapelekea wateja kitambaa cha kuchagua.

"Eti Bosi naye kaajiriwa!" walisema.

Alikimbia, akakohoa, akatema, akakimbia tena. Kila akikohoa Fundi alitaka kumnyanyua, lakini mikono aliizuia.

Kisha mapafu yakaingiwa na maambukizi yasiyosikia dawa. Fundi aliitoa mbeleko sandukuni, akambeba hadi hospitali, mwepesi kama furushi la mabaki ya vitambaa. Walipofika mlangoni, Bosi alimgonga begani.

"Mama, nishushe."

"Umechoka, mwanangu."

"Nishushe. Natembea mwenyewe."

Fundi alitaka kukataa. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Lakini alifungua fundo. Bosi alishika ukuta, akaenda, akasimama kuhema, akaenda tena, mpaka wodini. Alikipanda kitanda mwenyewe, na hakushuka tena.

Msibani, jirani mmoja wa wale waliokuwa wakinong'ona alimwegemea Fundi. "Ungembeba tu, maskini. Labda angebakiwa na nguvu."

Fundi aliinuka, akaleta ndala za mtoto, akazigeuza. Soli zilikuwa zimelika mpaka matundu kisiginoni.

"Kazimaliza mwenyewe," alisema, kisha akaangua kilio.