Koili Tatu Nilizozipaka Rangi Moja

Kuna siku inanirudia, mwanangu, kila nikisikia mtu anataja koili, na leo umeitaja wewe, Tumaini, hapa mezani kwangu Mjimwema. Umeziweka mbili karibu na kikombe changu cha chai, moja ya bodaboda na moja ya gari. Umenionyesha na video kwenye simu, yule kijana anayewasha tyubu ya kioo ikajaa nyuzi za mwanga, na sasa unaniuliza ipi ina cheche ndefu. Haya, nitakujibu, ila usinikimbize. Jambo lenyewe likianza kunitoka linatoka ovyo ovyo, na sehemu nyingine mpaka leo mimi mwenyewe sizielewi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi kamili. Nilitoka kwetu Mlangali, kwa Wapangwa, nikaingia Makambako, kwenye gereji ya Fundi Sanga, Mkinga wa Makete, mtu mpole ambaye akikukasirikia anazidi kunyamaza. Shuleni mwalimu wetu wa fizikia alituambia kwamba umeme mkali ukigusishwa kwenye glopu, gesi iliyo ndani inang'aa yenyewe hata kama waya wa glopu umekatika. Maneno yale hayakunitoka. Nikasema nitaiwasha mimi. Kwa nini? Sifa, mwanangu, sifa tupu! Nilitaka mafundi wa Makambako waseme huyu Mpangwa si mchezo.

Shida ikawa koili, kile kidude kinachozidisha umeme wa betri mpaka plagi ikatoa cheche. Kila niliyemuuliza alikuwa na lake. Huyu anasema tafuta ya lori kuukuu, yule anasema lori la nini, chukua ya gari dogo, na wa tatu ananicheka, koili ni koili bwana. Niliyojua ni haya tu: kuna koili zinazotaka rizista mbele yake ya kupunguza umeme, na kuna zisizotaka, zimejitosheleza. Kwa macho zinafanana kabisa. Kinachokuambia ni maandishi ya ubavuni. Mengine yote yalinichanganya kichwa, na nikaona aibu kumuuliza Fundi Sanga.

Mbili nilizitoa kwenye vyuma chakavu. Cheche zake hazikuniridhisha. Sasa pale gereji ilikuwepo pikapu ya Mzee Mwalongo wa Igwachanya, imeletwa breki, inalala siku tatu. Koili yake ilikuwa nzima, safi. Nikaifungua. Nilijiambia naazima tu, siibi. Kisha, sikia ujinga huu, nikaziosha zote tatu kwa petroli na kuzipulizia rangi nyeusi ili zipendeze watu watakapokuja kutazama. Maandishi yakaondoka yote.

Jumamosi mchana, Fundi Sanga hayupo, tukaziba dirisha la stoo kwa gunia, nikawasha. Glopu iliyoungua ikajaa nyuzi za zambarau zinatambaa ndani ya kioo! Mafundi wakapiga kelele, na mimi nikavimba kichwa.

Jumatatu Mzee Mwalongo anakuja kuchukua gari. Nikaziangalia koili zangu zimepangwa kwenye benchi, nyeusi, zinalingana kama mapacha. Ya pikapu ni ipi? Nilidhani ya kushoto. Halafu nikakumbuka kwamba Jumamosi niliiweka katikati. Au hiyo ilikuwa Ijumaa? Meta ya kupimia ingeniambia kwa dakika moja, lakini ya kwetu ilikuwa imekufa, na kwenda kuomba ya gereji ya jirani kungenifanya nieleze. Nikachukua ya katikati, nikafunga, nikapiga stata. Injini ikawaka safi. Nikaizungusha mpaka barabarani na kurudi, haikusita. Nikasema Mungu mkubwa, ndiyo yenyewe.

Alhamisi asubuhi, kuna baridi ile ya Makambako ya kuumiza masikio, konda wa basi dogo lililotoka upande wa Njombe akasimama mlangoni.

"Fundi Sanga, Mzee Mwalongo amekwama kilimani njia ya kwenda Njombe. Anampeleka mkwewe, mke wa mwanawe, hospitali kujifungua, uchungu umemshika tangu jana. Anasema gari likipata moto linazima, likipoa linawaka."

Fundi Sanga aliweka spana chini. Likipata moto linazima, likipoa linawaka: fundi yeyote wa petroli anajua maana yake. Koili inayotaka rizista imefungwa bila rizista, inachemka. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nani aligusa koili ya pikapu?"

Nikasema ni mimi. Hakuniuliza kwa nini.

"Yake iko wapi?"

"Ni mojawapo ya hizi mbili, Fundi."

"Ipi?"

"Sijui."

Tukaingia kwenye kigari chake, mimi nimepakata koili mbili nyeusi. Njia nzima nilizigeuza geuza natafuta hata mkwaruzo wa kunikumbusha. Hakuna.

Tuliwakuta kwenye ukungu. Yule mkwe mjamzito alikuwa amelala kwenye godoro nyuma ya pikapu, amefunikwa blanketi na turubai, mke wa Mzee Mwalongo amemshika kichwa. Hakuweza kuketi, kwa hiyo kigari chetu kisingemsaidia. Mzee Mwalongo alinisalimu kwa kilugha, amenishika mkono kwa mikono miwili. "Kamwene, mwanangu. Mungu awabariki kwa kuja." Nilitamani ardhi inimeze.

Mimi nikashika moja ya zile mbili, nikasema tujaribu hii. Fundi Sanga akanisukuma mkono, taratibu tu. Akafungua boneti ya gari lake mwenyewe, akatoa koili yake, ambayo alijua ni ya aina ileile isiyotaka rizista, akaifunga kwenye pikapu. Ikawaka. Wakaondoka.

Sisi tukabaki kilimani na gari bovu. Akafunga boneti, akasema neno moja tu: "Utakwenda kuwaambia mwenyewe."

Mama alipona. Mtoto alizaliwa amekufa. Hospitali walisema huenda alikuwa amechoka tangu kijijini. Wengine wakasema saa ile moja pale kilimani ingetosha kumwokoa. Nimewauliza wauguzi, nimemuuliza daktari mmoja miaka mingi baadaye, kila mtu na lake. Sijui, mwanangu. Nimezeeka sijui.

Nilikwenda Igwachanya baada ya wiki. Kwa mtoto ambaye hajapewa jina hawakukaa matanga marefu. Nilitegemea kukuta watu wengi nijifiche ndani ya pole zao, nikakuta familia iko shambani inachimba viazi. Nikasimama palepale kwenye matuta nikasema yote, glopu, rangi, koili ya katikati. Mzee Mwalongo akaketi chini, akafuta uso kwa mikono yenye udongo. Aliyeniuliza ni yule mkwewe aliyefiwa na mtoto. Alikuwa ameketi pembeni, amejifunga khanga kifuani kwa kubana maziwa.

"Hiyo taa yako, iliwaka?"

"Iliwaka, dada."

"Ilikuwa nzuri?"

Ningemdanganya ningesema hapana. Nikasema, "Ilikuwa nzuri sana."

Akatikisa kichwa polepole, akainuka, akarudi kuchimba viazi. Mpaka leo sijajua kama alinisamehe au alinilaani. Nilichukua jembe nikachimba nao mpaka jioni, hakuna aliyenikataza wala aliyenikaribisha.

Basi hii ndiyo nasaha yangu, maana hukuja kusikia mzee akilia. Kabla hujauliza cheche ya koili ni ndefu kiasi gani, uliza imetoka kwenye chombo gani na ni nani anakitegemea chombo hicho. Hii ya bodaboda, rudisha kwa mwenyewe leo hii, usiniambie amekuazima mpaka kesho. Kitu usichokijua, kiandike kabla ya kukisafisha. Umeme wa namna hii unaua, kwa hiyo usiuwashe ukiwa peke yako. Na ukifika mahali hujui, sema sijui siku hiyohiyo, gari likiwa bado uani, mbele ya watu wote, hata wakucheke. Mimi nililisema kwa kuchelewa siku tatu.

Sikukatazi kuwasha taa yako. Iwashe, uniite nitazame. Mungu akulindie mikono hiyo, akupe akili kubwa kuliko yangu, na akujalie usije ukaulizwa juu ya taa yako na mama aliyefiwa na mtoto. Amina. Haya, nenda na hiyo koili kabla mwenye bodaboda hajapata abiria.