Mzee Aliyejipa Sabini na Moja

Kazi yangu hapa Marekani ni kusoma habari za nyasi. Mama yangu huko Kenya huwaambia watu wa kanisani kwamba mimi ni injinia wa barabara, nami sijawahi kumkatalia. Ukweli ni kwamba nakaa kwenye ofisi ya bati nyuma ya ghala moja hapo Mesquite, Texas, na kila mwezi napokea fomu zinazoeleza nyasi za kando ya barabara kuu zimefika wapi.

Jimbo liliacha kufyeka lenyewe. Kazi ilipewa kampuni yetu, na mkataba hauulizi tumepeleka watu wangapi wala wametokwa na jasho kiasi gani. Unauliza matokeo. Nyasi zisifike magotini. Shimo likionekana lizibwe upesi. Mbwa akigongwa aondolewe siku hiyo hiyo. Ukitaka kuleta mbuzi wazile hizo nyasi, jimbo halina neno, mradi mbuzi wenyewe wasikanyage lami.

Wakaguzi wa jimbo hutazama vipande vichache tu, vinavyochaguliwa kwa bahati nasibu. Vinavyobaki tunavikagua wenyewe. Mwisho wa mwezi kiongozi wa kila kundi anakipita kipande chake kwa miguu, anajipa alama juu ya mia na kuniletea fomu. Mimi naziingiza kwenye kompyuta, bosi anazisoma. Kundi likiwa chini ya themanini miezi mitatu mfululizo, kipande chake kinapewa watu wengine, na wao wanaambiwa asante. Viongozi wote walielewa mpango huu siku ya kwanza, na wote wakawa wanajipa tisini na kitu. Mmoja alijipa mia na mbili nikamrudishia fomu.

Wote, isipokuwa mmoja. Huyu alikuwa mzee wa Kirundi, rika la baba yangu, aliyekaa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa Texas. Alikuwa na watu watano chini yake, wote Warundi wa parokia moja, na kipande chao cha barabara kilikuwa kisafi kuliko jikoni kwangu. Mwezi wa kwanza alijipa sabini. Mwezi wa pili sabini na mbili. Nikadhani amekosea kuandika, nikampigia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mzee, hapa kwa fomu umeandika seventy-two."

"Ndiyo. Mwezi huu tulijitahidi kidogo."

Nikamweleza habari ya themanini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba huko kwao Burundi walikuwa wakipewa alama juu ya ishirini. Mwalimu hakuwahi kumpa mtu ishirini. Kumi na tisa, alisema, pengine angejipa mwalimu mwenyewe, tena siku ambayo ametoka kuungama. "Mimi nilikuwa wa kwanza darasani," akasema. "Nilipata kumi na nne. Baba alichinja kuku."

Kumi na nne juu ya ishirini ni sabini juu ya mia. Niliipiga hesabu hiyo nikiwa bado nimeshika simu. Kumbe mzee wa watu alikuwa ameipa barabara yake alama kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata maishani, na kompyuta yetu ilikuwa inamwandalia kufukuzwa.

Mimi nimelelewa na mitihani ya Kenya, ambako alama ni kitu cha kunyakua kabla jirani hajakiona. Sikuweza kumwelewa, na nikiri kwamba sikujitahidi sana. Nilikwenda kwa bosi, Mmarekani mpole anayekula karoti mbichi mezani, nikamwambia kipande kile ndicho kizuri kuliko vyote tulivyonavyo. Alitafuna kwa utulivu, akauliza: kama ni kizuri, mbona mwenyewe anasema si kizuri? Jibu nililokuwa nalo lilihusu kuku, nikarudi mezani kwangu.

Mwezi wa tatu nikaenda kukikagua pamoja na mzee. Tulitembea kando ya barabara, tumevaa vizibao vya rangi ya machungwa, malori yakitupeperushia kofia. Mimi sikuona kitu. Yeye alikuwa akisimama kila hatua kumi. Nyuma ya ukuta wa kuzuia kelele, mahali ambapo hakuna dereva wala mkaguzi atakayechungulia mpaka kiama, kulikuwa na chupa mbili. Guzo la kibao lilikuwa limeinama, kwa maelezo yake. Chini ya daraja kulikuwa na vipande vya tairi ambavyo mimi nilidhani ni mawe. Kila alichokiona alikiandika kwenye kijidaftari.

"Mzee, hii si exam," nikamwambia. "Ni form tu. Andika ninety-five twende nyumbani."

"Nikiandika tisini na tano, hizi chupa nitaziweka wapi?"

Hapo nilimkasirikia kweli. Nilimwambia kwamba wale watu watano wana watoto, na watoto hawali unyenyekevu. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu mbele ya mtu wa umri wake. Alifungua kijidaftari. Akasema kwa kuwa nimetoka mbali, naye hataki nirudi mikono mitupu, ataongeza moja. Alikuwa amepanga sabini. Akaandika sabini na moja.

Fomu zilipaswa kusomwa kikaoni Ijumaa asubuhi. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, nilifungua ya kwake kwenye kompyuta, nikafuta sabini na moja, nikaandika tisini na tano. Sikumwambia mtu. Sikujiona mwizi, nilijiona msamaria. Kikaoni bosi alipitisha kidole juu ya jedwali, akasema naona Warundi wameamka, akageukia kundi lingine. Kipande kikabaki kwao. Nilirudi nyumbani Mansfield nikiimba ndani ya gari.

Nilichosahau ni kwamba kampuni yetu inapenda kupongeza watu. Jumatatu orodha ya waliofanya vizuri, pamoja na alama zao, ilibandikwa kwenye mlango wa stoo, pale ambapo makundi yote huchukua mashine zao asubuhi. Mzee aliisoma akiwa amevaa miwani. Kisha akaja dirishani kwangu kuchukua funguo. Alinisalimia. Hakuulizia watoto.

Juma zima hakuulizia watoto. Anayetoka kwetu anajua uzito wake. Nilijitetea moyoni kila asubuhi nikiwa foleni barabarani: nimemwokoa, angekuwa nyumbani sasa hivi, ataelewa tu. Lakini niliumia, tena nilikasirika kwa kuwa naumia.

Jumamosi mke wangu akanipigia simu. Yeye ni muuguzi anayewazungukia wagonjwa majumbani, na ana mgonjwa wake Mesquite, jirani na kile kipande cha mzee.

"Kwani watu wako huwa wana-work Saturday?" akauliza.

"Hapana. Ofisi imefungwa."

"Basi yule mzee wako yuko hapa kando ya highway. Wako wote sita. Na hawana ile lori ya kampuni, wame-park magari yao wenyewe kwa service road."

Niliwasha gari. Kutoka Mansfield mpaka Mesquite ni mwendo, na njia nzima niliomba Mungu mke wangu awe amewafananisha. Niliwakuta chini ya daraja. Walikuwa wamemaliza upande wa ukuta. Hata nyasi za msingini mwa ukuta zilikuwa zimekatwa kwa mkasi wa mkono. Wawili walikuwa wakilinyoosha lile guzo, ambalo sasa hata mimi niliona kwamba lilikuwa limeinama. Hakuna aliyewaita kazini, wala hakuna ambaye angewaandikia saa hizo. Mzee alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, anachomoa vipande vya tairi kimoja kimoja na kuvitia kwenye mfuko.

Nilimwamkia. Aliitika bila kuinuka. Nikaanza kumwomba msamaha, nikachanganya Kiswahili na Kiingereza, nikajikuta namweleza tena habari ya themanini, kana kwamba ndiyo aliyokuja kuisikiliza. Aliniacha nikamaliza.

Kisha akasimama kwa shida, akafuta mikono, akatoa kijidaftari mfukoni na kunionyesha. Walikuwa wameanza alfajiri. Kila kilichorekebishwa kilikuwa kimekatwa kwa mstari, na chini kabisa kulikuwa na hesabu.

"Sisi tumeifikisha themanini na mbili," akasema. "Zaidi ya hapo macho yangu hayaoni. Hizo kumi na tatu uliziona wewe."

Akanikabidhi mfuko.