Jina Ambalo Karatu Inaombwa Kuacha Kuliimba

Saa mbili asubuhi, Leonida Qamara anasimama kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na soko la Karatu, anawasalimu madereva mmoja mmoja, kisha anawaomba wafute wimbo.

"Ule wa Piyaya," anasema. "Najua mnao kwenye flashi. Naomba muufute."

Madereva wanatazamana. Hilary, kijana wa Rhotia ambaye pikipiki yake imefungwa spika mbili, ndiye anayecheka wa kwanza.

"Dada Leonida, huo wimbo umetulisha wewe mwenyewe asubuhi, mchana na jioni. Leo unatuambia tutapike?"

"Ndiyo, kaka. Tapikeni."

Hatabasamu. Hilary naye anaacha kucheka.

Leonida, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni mtangazaji wa redio ndogo ya jamii mjini hapa. Ni Mwiraqw, mzaliwa wa Rhotia. Kwa miaka sita ameendesha kipindi cha Jumamosi cha wanamuziki wasio na studio, meneja wala kampuni. Hujirekodi kwa simu na kumtumia nyimbo kwa WhatsApp, na nyuma ya sauti zao husikika upepo, kuku na matrekta. Anasikiliza kila moja hadi mwisho. Anazozipenda huzicheza redioni, na kila Agosti wenye nyimbo hizo hualikwa kwenye tamasha katika uwanja wa mpira.

Posho yake kwa kipindi ni shilingi elfu kumi na tano. Chakula cha nyumbani kinatoka shambani.

"Studio nzuri inaweza kumficha mtu," anasema. "Simu haimfichi. Ukisikia sauti nzuri kwenye simu mbovu, basi huyo ni mwimbaji."

Januari mwaka huu alipokea sauti ya aina hiyo. Ilikuwa ya Nanyokie, mwanamke kijana wa jamii ya wafugaji wa Piyaya, wilayani Ngorongoro. Aliimba kwa Kimaasai, bila ala, kwa makofi tu. Leonida hajui Kimaasai. Alipiga simu, akaelezwa kwamba wimbo unamsifu kaka wa mwimbaji, kijana hodari wa mifugo, na kwamba jina lake linarudi mwishoni mwa kila mstari. Kaka mwenyewe ndiye aliyepokea simu hiyo. Ilikuwa simu yake.

Wimbo ulipendwa kupita matarajio. Watu wa Karatu hawakuelewa mistari, lakini jina walilishika. Liliimbwa kwenye bajaji, kwenye saluni, hata na watoto wakitoka shuleni. Kwa ombi la familia, gazeti hili halitaliandika.

Mwezi Aprili kaka huyo alichukuliwa na maji korongoni akivusha ndama. Simu yake ilikwenda naye.

Kwa desturi ya Wamaasai, jina la marehemu halitajwi, hasa mbele ya ndugu zake. Mtu wa ukoo wake mwenye jina lile lile anaweza kubadilishiwa. Si wote wanaoshika mwiko huo siku hizi. Familia ya Nanyokie inaushika.

Redio haikujua kwamba amekufa. Iliendelea kulirusha jina lake kila wiki.

Matangazo ya Karatu hufika upande wa Loliondo kwa kukatika, na wengi huyafuata kupitia simu wanapopata mtandao. Mmoja wao ni Olais, muuza dawa za mifugo wa Arash. Aliposikia wimbo ule mwezi Mei, aliandika ujumbe kwa redio: "Dada Leonida, ule wimbo wa yule kijana, tafadhali."

Leonida aliusoma hewani. "Nimekusikia, Arash," alisema. "Ngoja nikupe." Akaucheza.

Olais anasimulia akiwa ameshika kichwa. "Nikasema labda hajaelewa. Nikaandika tena, 'Wimbo wa yule, tunakuomba sana.' Akaucheza mara mbili. Mke wangu akaniuliza, huyu mama anakutania au ni wewe unayeuomba?"

Kwa nini hakuandika wazi kwamba uondolewe?

"Kwetu nilikuwa nimeandika wazi. Ukisema 'yule' namna hiyo, kila mtu anajua kuna msiba. Na wimbo wenyewe unaitwa kwa jina lake. Ningeutaja kwa jina gani?"

Ujumbe wa aina hiyo ulikuja kutoka Arash na Piyaya kwa miezi mitatu. Leonida aliuhesabu kama kura. Kwa kura hizo, wimbo ukapangwa kufunga tamasha.

Siku ya tamasha uwanja ulijaa. Leonida alikuwa jukwaani na kipaza sauti. Mwaliko alioutuma kwa ile namba ya simu haukuwa umejibiwa, kwa hiyo alipomwona Nanyokie pembeni mwa jukwaa, ambaye alimjua kwa picha tu, aliamini amekuja kuimba. Alimshika mkono, akampandisha.

Nanyokie alikuwa amenyoa kichwa na hakuvaa shanga hata moja. Hizo ni dalili za msiba. Leonida anakiri kwamba aliziona na akazifanyia utani kwenye kipaza sauti.

"Nilimuuliza, 'Dada, leo shanga umeziacha nyumbani?' Watu wakacheka. Halafu nikawaambia, 'Karatu, mwiteni kaka yake asikie huko Piyaya.'"

Uwanja mzima uliita.

Nanyokie alijifunika uso kwa shuka lake, akaketi chini pale pale jukwaani. Watu walidhani ni aibu ya mgeni, wakaita tena kwa nguvu zaidi. Upande wa kushoto, kundi la wafugaji waliokuwa wamekuja na lori liliinuka na kutoka nje ya uwanja.

Baba mdogo wa Nanyokie, mzee Parmuat, alipanda jukwaani na kumshusha. Walikuwa wamesafiri kutoka Piyaya kuja kuuomba uongozi wa redio uache, ana kwa ana, kwa kuwa ujumbe haukusaidia. Nyuma ya jukwaa mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Mama, yule mtu hayupo," alisema mzee.

"Mtu yupi, mzee wangu? Nimwite?"

"Umeshamwita. Watu wote hawa wamemwita. Hawezi kuja."

Leonida anasema ndipo alipoelewa. Nje uwanja ulikuwa bado unaimba, na ilibidi fundi mitambo, Fabian, azime vipaza sauti. Hata hivyo waliendelea.

Tangu siku hiyo redio haijaucheza wimbo huo. Tangu siku hiyo pia hakuna sauti hata moja iliyotumwa kutoka Piyaya wala Arash, ambako zamani zilikuja kila wiki. Kipindi hakina kitu kingine cha kuishi nacho ila sauti zinazotumwa.

Kwa simu ya jirani, akiwa amepanda kilima kutafuta mtandao, Nanyokie aliliambia gazeti hili kwamba hana ugomvi na mtangazaji.

"Aliwafanya watu wengi wamjue akiwa hai, na yeye alifurahi sana," alisema. "Lakini sasa ananitangulia kila ninapokwenda. Nilishuka kwenye gari hapo Karatu, mtoto ananiona Mmaasai, ananiitia kaka yangu. Wakinyamaza, nitaimba."

Hilo ndilo sharti lake, na ndiyo sababu Leonida anazunguka vijiwe kabla ya kwenda kazini. Kwenye kijiwe cha soko, madereva wanne walifuta. Wawili walisema flashi si zao. Hilary alifuta wa mwisho, akamwonyesha, kisha akauliza kama abiria wakiuomba awaambie nini.

"Waambie kuna msiba," Leonida alimjibu.

Tayari Nanyokie ameutengeneza wimbo upya. Mistari na makofi ni yale yale, ila mahali pa jina hakuna kitu: makofi yanasimama, mwimbaji ananyamaza, kisha mstari unaofuata unaanza. Leonida ameusikia kwenye simu tu. Bado hajaruhusiwa kuurekodi.

Anapanga kwenda Piyaya mwezi ujao, akiwa na sukari na majani ya chai kwa mama wa marehemu, kumwomba mama huyo ruhusa hiyo. Akiipata, ataucheza Jumamosi, kisha kwenye tamasha lijalo.

Fabian ana wasiwasi. Katika redio, kimya ni hitilafu; msikilizaji akisikia kimya hubadilisha stesheni au huipiga redio yake kofi.

"Nitawaambia mapema," anasema Leonida. "Nitasema, mkisikia kimya, redio zenu hazijaharibika. Subirini kidogo."